Mifupa iliyokutwa Siyu ingetuambia nini?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa huku Siyu, kisiwa cha Pate. Jirani alipokuwa akichimba birika la maji nyuma ya nyumba yake, vijana walifikia mifupa ya watu, kama watatu hivi, mmoja wao mdogo sana. Juu hapakuwa na jiwe wala alama ya kaburi. Tuliikusanya, tukaitia sanda, tukaizika makaburini. Mwanangu aliye chuo kikuu alipopata habari alisikitika sana, akasema tumezika historia bila kuisoma. Nikamjibu kwamba maiti ana haki yake, na kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Naomba kujua: mifupa mitupu ina habari gani ambayo wazee wetu na tarehe zetu za kale, yaani maandishi ya historia, hazina? Yaweza kutuambia kama watu hawa walikuwa Washanga (watu wa asili ya mji wa kale wa Shanga), Waarabu au watumwa? Na je, tulikosea?

JIBU: Wa alaykumu salaam, Maalim. Nianze na swali lako la mwisho, kwani naona ndilo lililokulemea. Kuwazika hamkukosea. Mtu aliyekutwa bila jina wala jamaa ana haki ya kurudishwa ardhini, na nyinyi mmemtendea kama mngemtendea wa kwenu. Mwanao naye ana hoja, ila ameielekeza pasipo. Habari haikupotea siku ya mazishi. Ilianza kupotea saa ile mifupa ilipotolewa shimoni mmojammoja kabla hajafika mtu wa kutazama imelalaje. Mliyoizika upya ingali na meno yake na nyonga zake, na ingeweza kupimwa hata baada ya miaka mia. Mlalo wake wa kwanza ndio usiorudi.

Mlalo una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kutoka visiwa vya Lamu, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo maiti wa Kiislamu huku kwetu hulazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, miguu magharibi, uso ukielekea kibla. Nyama ikishaoza, mifupa hubaki vivyo hivyo, isipokuwa imefukuliwa na mnyama au mzizi. Anayeifikia taratibu kwa mwiko mdogo na brashi ataona kama bega la kulia liko chini ya la kushoto, kama miguu imebanana kwa kufungwa sanda, kama mwili uliwekwa ndani ya mwanandani, ile nafasi inayochongwa ubavuni mwa kaburi, au ulilala tu katikati ya shimo. Kwa hayo peke yake angekwisha kukujibu sehemu ya swali lako: walizikwa na Waislamu wenzao, au na watu wa desturi nyingine, au walitupiwa udongo kwa haraka bila mtu wa kuwanyoosha. Hapo jirani yenu Shanga, uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980 ulikuta msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Ungekuwa umechimbwa ovyo kwa jembe, alama za nguzo zile za miti zingepita bila kuonekana, na tungekuwa bado tunabishana Uislamu ulifika lini Pate.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote, kwangu mimi, uko kusini ya Malindi, ndani kidogo kutoka baharini, katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi. Mwaka 2017 wachimbaji walifikia kishimo kidogo, karibu mita 3 chini ya sakafu ya sasa ya pango, chenye mifupa iliyolegea kiasi cha kugeuka unga ikiguswa. Hawakuivuta. Walilifunika fungu zima la udongo kwa plasta, wakalibeba kama lilivyo hadi Makumbusho ya Taifa Nairobi, na kutoka huko likapelekwa maabara ya Burgos, Uhispania, ambako lilifunguliwa kidogokidogo. Ndani yake akatokea mtoto wa miaka kama 2 na nusu hadi 3, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Hakuna mazishi ya binadamu yanayojulikana barani Afrika yaliyo ya kale kuliko hayo. Watafiti walimpa jina la Mtoto.

Tazama sasa walivyojua kwamba alizikwa, wala hakufia tu pangoni akafunikwa na vumbi. Udongo uliokuwa juu yake ulitofautiana na wa pembeni, maana yake shimo lilichimbwa kwa makusudi kisha likafukiwa. Alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, na mbavu za juu zilikuwa zimesogea ndani kwa namna inayotokea mwili ukifungwa kwa kubanwa, kwa ngozi au kwa majani. Na kichwa pamoja na pingili za shingo vilikuwa vimeinama kuelekea mahali palipokuwa na kitu laini ambacho baadaye kilioza. Aliwekewa mto. Kila nikisoma habari zake husimama hapo kwenye mto, kwa sababu hapo sisomi tena habari za mifupa, nasoma habari za mama au baba au bibi aliyeona kichwa cha mtoto wake hakifai kugusa udongo. Lau mifupa ile ingetiwa kapuni, leo tungekuwa na meno mawili na kiganja cha vumbi, na hakuna ambaye angejua kuna mtu aliyewahi kumfanyia mtoto huyo hivyo.

Ndiyo maana nasema habari hizi si mali ya chuo kikuu peke yake. Wazee na tarehe zetu za kale zimebeba mengi: majina ya masultani wa Pate, vita, nasaba, nani alimwoza nani. Mawe nayo yamebeba yao. Pale Gede kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Pale Takwa, kisiwani Manda, kaburi la mnara lina tarehe ya 1094 Hijria, katika miaka ya 1680, na watu wa Shela hadi leo huenda huko kuomba mvua. Lakini mnara haukujengewa kila mtu. Mwanamke aliyesuka mikeka miaka arubaini, baharia, mtoto aliyeishi miezi sita, mtu aliyenunuliwa bara akaletwa kulima: hao tarehe zimewapita, na mawe yamewapita. Waliobaki nao ni mifupa tu, na mifupa imehifadhi hasa yale ambayo tarehe hazijali: walikula nini, waliugua nini utotoni, walizaliwa wapi, walifika umri gani.

Sasa nikuambie mtaalamu angetazama nini katika wale watatu wenu.

Kwanza angetafuta nyonga. Ya mwanamke ina nafasi pana zaidi kwa ajili ya uzazi, na ikikutwa nzima, mwenye uzoefu hukosea mara chache. Fuvu nalo husaidia, kwa ukubwa wa matuta ya juu ya macho na wa kile kifundo cha nyuma ya sikio, ila huliamini kidogo kuliko nyonga. Kwa yule mdogo, mifupa isingesema kama ni wa kike au wa kiume, kwa kuwa tofauti hizo hutokea baada ya kubalehe. Umri wake, kinyume chake, ungejulikana vizuri kuliko wa wakubwa. Meno hukua ndani ya taya kwa mpango usioyumba sana hata mtoto akiwa na njaa, na kwa kichanga huweza kukadiriwa kwa miezi. Kwa kijana hutazamwa ncha za mifupa mirefu kama zimekwisha kuungana na shina. Ya mwisho kuungana ni ncha ya ndani ya mtulinga, katika miaka ya ishirini. Baada ya hapo kinachopimwa ni uchakavu, na uchakavu hautabiriki. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu atakuambia “kati ya miaka 35 na 50”. Akikuambia 43, amekisia.

Kisha angefika kwenye meno, na hapo ningemwacha akae siku nzima. Enameli, ile ngozi nyeupe ngumu ya jino, huundwa utotoni mara moja tu, na haijijengi tena. Mtoto akiugua sana au akikosa chakula, kazi ile husimama kwa muda, na jino hubaki na mstari ulioingia ndani kidogo, unaoonekana kwa macho au kwa kupapaswa kwa ukucha. Mstari huo haufutiki. Mzee wa miaka 60 anaweza kufa na alama ya shida iliyompata akiwa na miaka 3, umri ambao watoto wengi wa zamani walikuwa wamekwisha kuachishwa ziwa na kuingia kwenye maji ya visima na uji. Na hapa watu huteleza: wakiona mistari husema, “Maskini, alikuwa dhaifu.” La. Mstari ni alama ya aliyepona. Mtoto aliyekufa kwa ugonjwa uleule hakupata muda wa kuandikwa mstari wowote.

Jambo hilo latuhusu zaidi tukizungumzia maradhi. Ukoma hula mifupa ya uso na ya vidole. Kifua kikuu kikikaa sana huvunja pingili za mgongo hata mtu akapinda. Buba na kaswende huvimbisha mifupa ya miguu, kiseyeye na matege vina alama zake, na upungufu wa damu wa muda mrefu utotoni, unaoweza kusababishwa na malaria, safura au chakula duni, huacha vitundu vidogo kwenye dari la tundu la jicho. Hayo yote ni maradhi ya polepole. Kipindupindu, kilichopita pwani yetu zaidi ya mara moja katika karne ya 19, kilimaliza mtu kabla mfupa haujajua lolote. Ndui pia, mara nyingi. Kwa hiyo mifupa iliyo safi kabisa yaweza kuwa ya mtu aliyekufa katika siku 3 za janga, na yenye makovu mengi yaweza kuwa ya mtu aliyekuwa na nguvu ya kuyashinda. Wakikutwa watu wazima wawili na mtoto pamoja, bila alama yoyote, katika shimo moja, mimi ningeanza kuwaza janga. Kama kila mmoja alikuwa na shimo lake, wazo hilo lingekufa. Nalo ndilo jambo ambalo waliochimba wanaweza kukumbuka, Maalim, nami nitalirudia mwishoni.

Juu ya kazi zao nitasema machache, kwa kuwa hapa vitabu hupenda kusema mengi mno. Mgongo na magoti ya aliyebeba mizigo tangu ujanani huchakaa mapema. Vifundo vya miguu vya aliyezoea kuchuchumaa huwa na bapa dogo mbele. Hayo nayakubali. Lakini anayetazama mkono mmoja mnene akatangaza kwamba huyu alikuwa mvuta nyavu, mwache na nyavu zake. Kuna pia kinundu kinachoota ndani ya tundu la sikio la wazamiaji wa nchi nyingine, na wanafunzi hukitafuta huku kwetu. Hicho huletwa na maji baridi. Bahari ya Lamu ina joto, na mzamiaji wa hapa angeweza kupiga mbizi umri wake wote asiwe nacho.

Chakula ni habari tajiri zaidi. Ukoga uliogandamana menoni hunasa chembe za wanga za vyakula vilivyotafunwa, na hata mabaki ya vijidudu vya kinywani. Mfupa wenyewe hujengwa kwa tulichokula, na maabara hupima aina za kaboni na nitrojeni zilizomo, zinazoitwa isotopu. Mtama, mawele na wimbi vina uwiano wao wa kaboni; mpunga, ndizi na nazi vina mwingine. Samaki huvuruga hesabu, kwani kaboni yake yafanana na ya mtama. Ndipo nitrojeni inapoingia: uwiano wake hupanda kila kiumbe anapomla mwenzake, na baharini ngazi za kulana ni nyingi, kwa hiyo mlaji wa papa na nguru hujitenga na mlaji wa mtama. Mbavu hujijenga upya upesi kuliko mfupa wa paja, basi ukipima yote miwili unaweza kuona mtu aliyebadili chakula miaka ya mwisho ya maisha yake. Mahindi na muhogo vilikuja kutoka Amerika baada ya Wareno kufika, hivyo kwa mtu aliyeishi kabla ya 1500 hayo mawili hatuyafikirii kabisa.

Samaki huyohuyo hutupotosha katika tarehe. Umri wa mfupa hupimwa kwa kaboni-14, inayopungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi. Kaboni iliyo baharini ni ya kale kuliko iliyo hewani, na aliyekula samaki maisha yake yote huichukua mfupani mwake, akaonekana amekufa zamani kuliko ukweli wenyewe. Hesabu ina marekebisho yake, ila lazima kwanza ujue mtu alikula samaki kiasi gani. Anayepima mfupa wa Pate kana kwamba ni wa mtu wa Kitui, mbali na bahari, atapata mwaka usio wake.

Sasa lile swali gumu: Washanga, Waarabu au watumwa?

Mwezi wa Machi 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba (DNA) vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, pamoja na mji mmoja wa bara. Kati ya sehemu zilizohusika zimo Manda na Faza, yaani visiwa vyenu hivi, halafu Mtwapa, na kusini Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa walioongoza kazi ile ni Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba pwani hii kwa miaka mingi. Walichokikuta katika miji hiyo ya pwani ni kwamba kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, na ilikuja hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu nyingine kubwa ilitoka Asia, kwa wanaume zaidi, na katika hiyo ya Asia fungu kubwa lilikuwa la Uajemi na kidogo la Uhindi. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Baada ya 1500, damu mpya iliyoingia ilizidi kuwa ya Uarabuni.

Kwa miaka mingi watu wasiotoka huku walituambia kwamba hadithi ya Washirazi, yaani ya wazee waliotoka Uajemi, ni majivuno ya kubuni. Mifupa imesema wazee hawakubuni. Imesema na jambo la pili ambalo wazee wengi hawakulipa uzito wake: mama wa miji hii walikuwa Waafrika, na kama unavyojua, Maalim, mtoto hujifunza kusema kwa mama. Ni sawa kabisa kwamba lugha tunayoandikiana hapa ni ya Kibantu. Nimesikia watu wakiuchukua utafiti ule nusu, huyu nusu ya baba, yule nusu ya mama, ili kumwambia jirani yake kwamba si mwenyeji. Hilo linaniudhi, kwa sababu waliozikwa walikuwa na nusu zote mbili mwilini mwao, na wengi walizikwa kando ya misikiti ya miji yao wakiwa wenyeji.

Tena kuna mipaka. Makaburi yaliyochunguzwa yalikuwa zaidi ya watu wa miji ya mawe, si ya wakulima na wavuvi wa vijijini, kwa hiyo hatuwezi kusema “Waswahili wote walikuwa hivi.” Joto letu pia huharibu vinasaba: mchanga wa matumbawe hulinda mfupa usiyeyuke, lakini chembe hizo hukatika vipande vifupi. Mahali panapozihifadhi vizuri ni ule mfupa mgumu wa fuvu unaoficha sikio la ndani, na meno. Na hata vikipatikana vizuri, havitasema “huyu ni Mshanga.” Kuwa Mshanga ni suala la nasaba, ndoa, mtaa na kukubaliwa. Watu wawili wa asili ile ile waliweza kuwa mmoja Mshanga na mwingine mgeni wa jana.

“Mtumwa” ndiyo kabisa haimo mfupani. Hakuna mfupa wa mtumwa. Lakini hapa ndipo natamani kazi ifanywe zaidi kuliko mahali popote, kwani mashamba ya mtama ya Malindi katika karne ya 19 yalilimwa na watu walioletwa kwa nguvu, na utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Vitukuu vyao wako nasi, wengi wakinyamazia asili hiyo kwa haya ambayo si yao kuibeba. Wale walioletwa walizikwa wapi? Walitoka wapi?

Kuna kipimo kinachokaribia swali hilo la pili. Madini yaitwayo strontiamu hutoka kwenye mwamba, yakaingia udongoni, kwenye maji, kwenye nafaka, mwisho kwenye jino la mtoto anayekua. Kila mwamba una uwiano wake. Kisiwa cha matumbawe hutoa uwiano ulio karibu na wa maji ya bahari. Miamba mikongwe ya bara, kama ya Taita, hutoa mwingine. Ya volkano mwingine tena. Gego la kwanza huundwa tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 3, na gego la mwisho huundwa baadaye sana, tangu miaka 8 hivi hadi ubalehe. Ukiyapima yote mawili ukakuta la kwanza lina mwamba wa bara na la mwisho lina matumbawe, unaye mtoto aliyehamishwa pwani kati ya umri huo na huu. Ongeza mgongo uliochakaa kabla ya wakati na kaburi lisilofuata mpango wa wenzake, na utaweza kusema, kwa tahadhari, kwamba huenda alikuwa mmoja wao. Huenda tu, maana wapo waliotoka bara kwa hiari yao, kwa biashara au kwa ndoa. Na kipimo hicho hakiwezi kutofautisha Lamu na Kilwa, wala na pwani nyingine yoyote ya mawe ya namna hiyo. Wenu wakikutwa wote watatu na matumbawe menoni, tungejua walilelewa kwenye pwani ya namna hii. Pate yenyewe tusingeiona.

Nimefika kwenye ile hoja yako ya mfupa wa maiti. Mimi si mufti, na hukumu ya dini waulizwe wenye elimu yake. Nitakueleza kazi ilivyo ili wakihukumu wahukumu jambo lenyewe. Sehemu kubwa ya niliyoyasema hapo juu, jinsia, umri, kimo, maradhi, mistari ya meno, husomwa kwa macho na kwa rula, bila kukwaruza kitu. Tarehe, chakula na vinasaba ndivyo vinavyohitaji unga wa mfupa au jino, kwa kawaida chini ya gramu 1 kwa kipimo kimoja. Hizo ni kazi mbili tofauti, na naona ni haki jamii iulizwe mara mbili: je, tutazame? kisha, je, tutoboe? Jibu la kwanza laweza kuwa ndiyo na la pili hapana, na mtaalamu hana la kunung'unikia. Huko Mtwapa wazee waliombwa idhini, mifupa ikapimwa na kurudishwa ardhini badala ya kuwekwa kabatini. Huo ndio utaratibu ninaoutetea. Kibali cha serikali lazima kiwepo, lakini mtu akinijia na kibali bila ya idhini ya watu wa mahali, kwangu bado hajapata ruhusa.

Sisemi hivyo kwa kuogopa tu kuudhi watu. Mwanzo wa elimu hii una dhambi. Wakati wa ukoloni mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yalichukuliwa makaburini na viwanja vya kunyongea, yakapelekwa Ulaya kupimwa ili kuthibitisha uongo wa ubora wa rangi. Mjini Berlin peke yake, mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Rwanda, Tanzania na Kenya yamekuwa yakichunguzwa miaka ya karibuni ili kujua yalitoka wapi, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba baadhi yameoanishwa kwa vinasaba na jamaa zao walio hai Tanzania. Kipimo kilekile kinachotazamwa kwa shaka ndicho kilichowapatia watu babu yao. Mwanao akija likizo, mwonyeshe hilo, mlijadili pamoja.

Na sasa mfanye nini? Msiwafukue tena. Waacheni, isipokuwa nyinyi wenyewe, siku moja, mkiamua vingine. Ila kaburi lile jipya litiwe alama, na iandikwe mahali kwamba humo wamo watu watatu waliotoka nyuma ya nyumba fulani, mwaka fulani, ili wasichanganyike na wengine.

Birika lile likiendelea kuchimbwa, au mahali pengine pakitokea mifupa, simamisheni majembe hapohapo. Msiitoe, msiioshe, msitie kwenye mfuko wa plastiki, kwani humo huota ukungu. Ifunikeni kwa kitambaa safi na mchanga mwepesi. Pigeni picha kutoka juu, rula au koleo likiwekwa kando ili ukubwa uonekane, na mwandike kichwa kiko upande gani. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inataka vitu vya kale vinavyogunduliwa viarifiwe Makumbusho ya Taifa. Kwenu nyinyi karibu ni Lamu, na kwa walio upande wa kusini ni Malindi. Kama kuna dalili kwamba mifupa si ya zamani, kitambaa cha kisasa, jino lililozibwa, polisi waarifiwe kwanza.

La haraka zaidi ni wale vijana waliochimba. Wakalishe mmojammoja, si kwa pamoja, wasije wakarekebishana. Waulize kila mtu alikuwa na shimo lake au walikuwa pamoja. Vichwa vilikuwa upande wa jua kutoka au la. Kina kilikuwa cha kufika wapi mwilini mwao. Udongo wa juu yao ulikuwa wa rangi moja na wa pembeni au la. Waliona vigae vya vyungu, ushanga, vipande vya sahani za Kichina, mkaa. Kama vigae vingalipo kwenye lundo la udongo, vikusanywe, kwani kwa umbo na rangi yake pengine vitatupa karne bila mfupa hata mmoja kuguswa. Andika majibu kwa maneno yao wenyewe, hata yakipingana, weka tarehe, kisha nitumie nakala pamoja na picha ya vigae.